Upepo wa tairi: kibandiko cha mlangoni, 40 za fundi, au kushusha uwanjani?

kona_kali (Nairobi)
Wakuu, nina Impreza ya 2008 iliyotoka Japani, tairi 205/50 R17. Siku za kazi ni Thika Road na foleni zake, wikendi naenda Nakuru na familia. Mwezi ujao nimejiandikisha kwenye siku ya kukimbia kwa kupimwa muda, uwanja wa lami, gari hilo hilo na tairi hizo hizo. Nimeshapewa ushauri wa aina tatu:

1. Kibandiko cha mlangoni: mbele 230, nyuma 220.
2. Fundi wa pancha: 40 zote nne, "gari iwe nyepesi".
3. Rafiki anayekimbia: nikifika uwanjani nishushe mpaka 26.

Nifuate upi? Na kama ni 26, narudi nazo nyumbani?

mzee_wa_jeki
Hizo 230 ni kPa, na 40 za fundi na 26 za rafiki ni PSI; vyote ni vipimo vya upepo. Gawa kPa kwa 6.9 utapata PSI 33 na ushee mbele, nyuma karibu 32. Kwa barabarani usitafute kingine, ila hakikisha kwanza saizi ya tairi iliyoandikwa kwenye kibandiko ndiyo uliyovaa. Magari mengi ya mtumba yamebadilishwa rimu mara mbili tatu kabla ya kukufikia, na kibandiko cha rimu 16 hakikuhusu ukiwa na 17.

Namba hiyo ni ya tairi baridi, yaani gari limelala usiku kucha au limesimama saa tatu na zaidi. Watu wanatoka kwenye foleni, wanaingia petroli stesheni, wanakuta 36, wanaambiwa "imezidi, tupunguze". Kesho asubuhi wana 29 au 30 na hawajui.

Kuhusu 40: namba kubwa iliyochorwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi yenyewe, si kipimo cha gari lako. Ukijaza kupita kiasi tairi inatuna katikati, inalika katikati, gari linarukaruka kwenye matuta na breki zinakosa pa kushika lami ikiwa na maji. Usukani utakuwa mwepesi kweli, hapo fundi hajadanganya.

binti_usukani
Mzee kamaliza ya barabarani. Sasa uwanjani.

Hawa washauri wako wote watatu wanataja tairi baridi, na uwanjani baridi ni mahali pa kuanzia tu. Namba ya kuangalia ni ile unayoikuta ukiingia kutoka mizunguko migumu. Breki na kona zinachemsha mpira, mpira unachemsha hewa ya ndani, na kila nyuzi 10 za joto huongeza kati ya PSI moja na nusu na mbili. Ukianza na 33 si ajabu kurudi na 40. Yaani bila kutaka umemfuata fundi wa pancha 😂 na gari linaanza kuteleza mzunguko wa tatu au wa nne huku ukidhani tairi zimekwisha.

Kwa tairi za kawaida kwenye gari kama lako ningeanza 28 mbele na 27 nyuma, nikilenga 34 hadi 36 zikiwa moto. Ukiingia tu, pima kabla hata ya kuvua helmeti, maana zinapoa haraka, kisha punguza zilizozidi. Mbele zitapanda zaidi: injini iko huko na uzito mwingi wa breki unaangukia huko.

26 ya rafiki yako nadhani ni ya tairi za mbio, zenye ubavu mgumu. Tairi yako ya barabarani ina ubavu laini, kwa hiyo ukiishusha mno inalala kwenye kona na gari linaegemea bega la tairi (ukingo kati ya uso na ubavu) badala ya uso wake. Chukua chaki, chora mistari kutoka kwenye bega kushuka ubavuni, kimbia, kisha tazama chaki imefutika mpaka wapi. Tairi nyingi zina kipembetatu kidogo pale begani. Ikifutika kupita hicho, ongeza upepo. Kama bega halijaguswa kabisa, punguza.

abu_gati_dxb
Salaam kutoka Dubai. Dada hapo juu kasema kweli, naongeza la jua. Huku kwenye uwanja wa mbio wa Autodrome, kiangazi lami inapita nyuzi 60, na ukiegesha gari upande mmoja juani, tairi za upande huo zitasoma juu kabla hujawasha injini. Pima kivulini au alfajiri, la sivyo unasawazisha jua.

Halafu kulia na kushoto si sawa. Uwanja unaozunguka kama mshale wa saa una kona nyingi za kulia, kwa hiyo tairi za kushoto ndizo zinazobeba gari na kupata moto. Mimi za kushoto naanza nazo chini kwa PSI moja ili zikipanda zikutane na za kulia.

mwana_wa_likoni
Samahani natoka nje kidogo. Nikijaza 33 Nairobi nikashuka Mombasa, nipunguze? Kuna jamaa anadai tairi hupasuka kwa sababu ya joto la Pwani.

mzee_wa_jeki
Usipunguze. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa ya nje ni nyepesi. Ukishuka, hewa ya nje inakuwa nzito na geji ingesoma pungufu kwa karibu PSI 3. Joto la Mombasa nalo linarudisha kama 2. Mwisho wa safari unakuta umepungukiwa na kama moja tu, zikishapoa. Zinazopasuka pale Mtito Andei au Voi mara nyingi ni zenye upepo kidogo na mzigo mwingi: ubavu unajikunja kila mzunguko, unachemka kwa saa nyingi, unaachia.

kona_kali
Nimewaelewa. Mawili tu: kujaza naitrojeni badala ya hewa ya kawaida kuna faida? Na jioni ya kurudi inakuwaje?

binti_usukani
Jioni ndiyo wengi wanasahau. Ulizipunguza zikiwa moto, zikipoa zitakuwa 27 au chini, na wewe una abiria na lori linakukimbiza nyuma. Beba kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti, zirudishe 33 kabla ya kutoka getini. Zikiwa bado na vuguvugu weka 35, kesho asubuhi zipime upya.

Naitrojeni: hewa ya kawaida ni naitrojeni asilimia 78 tayari. Adui ni maji yanayolala kwenye tangi la kompresa ya mtaani, mvuke wake hupanda vibaya kwenye joto. Tafuta kompresa inayomwagwa maji, pesa ya naitrojeni nunulia mafuta.

Na tairi zako ni za lini? Soma tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba iliyochapwa ubavuni: mbili za wiki, mbili za mwaka. Kama ni mtumba wa miaka kumi hakuna PSI itakayokusaidia, kaa jukwaani utazame wenzako.

kona_kali
1423. Basi naanza 28/27. Geji gani?

mzee_wa_jeki
Yenye kitufe cha kutoa upepo na kipimo kinachoishia 60. Zile za lori zinazofika 150, PSI mbili hata huzioni kwenye mshale. Na ukishapata yako itumie hiyo hiyo kila mara, za petroli stesheni kila moja ina namba yake.