Tupeane uzoefu: sera gani umeiona ikipunguza pengo la afya kati ya wenye nacho na wasio nacho?

Mwanzisha uzi: Habari wadau. Mwaka 1971 Julian Tudor Hart, daktari aliyetibu wachimba makaa ya mawe huko Wales, aliandika kwamba huduma nzuri ya afya huwa adimu zaidi pale inapohitajika zaidi. Bado tunayaona hayo. Leteni mliyoyashuhudia wenyewe: uamuzi wa serikali uliowainua au kuwaumiza watu wa hali ya chini.

Mchangiaji 1: Mimi ni muuguzi. Kabla ada ya matibabu haijafutwa, mama alikuwa analeta mtoto wa kuharisha akiwa ameshalegea, macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiivuta hairudi haraka. Ukimuuliza mbona umechelewa, anakwambia alikuwa anatafuta hela. Ada ilipofutwa, watoto wakaanza kuletwa mapema, foleni ikafika nje. Ila pengo la mapato ya ada halikuzibwa. Dawa zikawa zinaisha katikati ya mwezi, tukarudi kuwaandikia watu wakanunue nje. Mwenye hela akapona, asiye nayo akaondoka na karatasi mkononi. Jamani, mtu akitangaza huduma bure, muulizeni bajeti ya dawa imeongezwa kiasi gani.

Mchangiaji 2: Mimi naongeza suala la muda. Kibarua hulipwa kwa siku, na kliniki ikifunguliwa saa za kazi tu, kwenda ni kupoteza ujira. Mume wangu aliacha dawa za presha kwa sababu hiyo hiyo. Kituo kilipoanza kufungua jioni na kumpa dawa za miezi mitatu kwa mkupuo, hajaziacha tena.

Mchangiaji 3: Kwangu ni marufuku ya petroli yenye risasi, ile metali yenye sumu iliyokuwa ikitoka na moshi wa magari. Nilikulia kando ya barabara kuu, ambako kodi ya nyumba ilikuwa nafuu, na risasi huharibu ubongo wa mtoto. Mzazi angefanya nini? Hewa huichagui. Nchi zikaipiga marufuku moja baada ya nyingine, na Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka 2021. Hapo hakuna aliyejaza fomu wala kuulizwa kadi ya bima.

Mwanzisha uzi: Asanteni sana. Dada muuguzi, hiyo bajeti ya dawa iliwahi kurekebishwa?

Mchangiaji 1: Ndiyo, baada ya kamati ya kituo kupeleka orodha ya waliokosa dawa mwezi kwa mwezi. Sasa mgao unafuata idadi ya wagonjwa tunaowahudumia. Za kisukari bado hazitoshi, tunaendelea kudai.