Wanunuzi wa sarafu za kale Mji Mkongwe, acheni kutusugulia pesa zetu!

Assalamu alaykum wadau. Leo nimekuja na hasira zangu, mnistahamilie.

Bibi yetu wa Wete katuachia kopo la pesa za shaba za Sultani Barghash, zile zenye mizani upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Nikazipeleka duka moja la vitu vya kale hapa mjini zikatazamwe thamani. Bwana akaniambia, "Niachie, kesho njoo." Kesho yake nakuta zinang'aa mpaka zimekuwa za waridi! Kazisugua kwa ndimu na majivu. Ule utando wa kahawia uliokaa miaka mia na zaidi umekwenda, na vile visahani vya mizani, ukipitisha kidole, huvisikii tena. Halafu ananiambia eti kanisaidia, bila ya malipo.

Yakhe, nani alikutuma? Mkusanyaji yeyote anayejua kazi yake akiona shaba iliyosuguliwa anairudisha mezani au anakupunguzia bei. Uchafu unaweza kuutoa baadaye taratibu, lakini shaba uliyokwisha kuikwangua huirudishi.

Sasa sikilizeni bei. Kwangu mimi: "Hizi zimejaa tele, hazina soko, nakupa za chai." Kwamba zimejaa, hapo sibishani naye. Za 1299 na 1304 za Hijria zilitengenezwa kwa wingi, na kinachopandisha bei ni hali ya sarafu yenyewe, hiyo hiyo aliyoiharibu. Lakini nikiwa bado nimesimama pale kaingia mtalii. Bwana kachukua pesa ya aina ile ile kutoka kabatini, kamsomea tarakimu za Kiarabu: "Mwaka 1299, zaidi ya miaka mia saba!" Laa haula! Ule ni mwaka wa Hijria, sawa na 1882 hivi kwa miladi. Barghash katawala 1870 hadi 1888, kila mtoto wa skuli hapa anajua. Na reale za Maria Theresa, zile sarafu za fedha za Austria, anaziuza kwa mtindo huo huo, wakati karibu zote zimeandikwa 1780 hata zilizopigwa karne ya ishirini.

Wenye wazee Pemba na mashamba, tafadhalini: msisugue chochote, wala msimwachie mtu kopo zima. Na mkiona senti yenye mnazi ya Sultani Ali bin Hamud, ya 1908, hiyo ndiyo adimu, msiitoe kwa bei ya chai.

Kama yupo mtu Unguja anayezijua kweli na mkono wake hauna ndimu, aniandikie pembeni.

Na wewe bwana, najua humu unapita. Nimezihesabu nyumbani, mbili hazimo. Nazitaka kabla ya Ijumaa, na usizisugue.