Naomba ushauri: wasifu wa bibi, mwaka wa kuzaliwa niandike upi?

Habarini wakubwa. Bibi yetu mzaa mama katutoka mwezi uliopita hapa Magomeni, Jumapili arobaini na wajomba wamenitupia mimi zigo la wasifu wa kusoma baada ya hitma, eti kisa nimesoma. Nimekwama mstari wa kwanza tu. Kitambulisho cha NIDA kinasema 1940 ila mwenyewe alikuwa anasema vita vya Hitler vinaisha yeye tayari anatumwa dukani mafuta ya taa, sasa vita imeisha 1945, mtoto wa miaka mitano huyo? Labda, watoto wa zamani hao. Mama mdogo anataka 1935, mjomba kagoma, fuata karatasi ya serikali.

Halafu usiku wa Uhuru 1961 alikuwepo uwanjani ila bendera hakuiona ikipanda, kuna jitu refu lilisimama mbele yake, kalisema jitu lile mpaka anazeeka, anageuza vitumbua huku analisema.

Hili la jitu nilisome mbele ya masheikh au nitaonekana naleta utani msibani? Na mwaka je, niandike "miaka ya 1930" yaishe? Mliopitia haya nisaidieni, siku zenyewe zimebaki nne.