Kamba ya kumfundishia mbwa: ngozi, nailoni au mnyororo?

mkia_juu
Wakuu habari. Nina mbwa jike wa miezi 7, kilo 25 hivi, na nguvu zake sio za kitoto. Namfundisha kutembea pembeni bila kuvuta, sasa kamba yangu ni nailoni ile nyembamba, juzi kakatiza paka, binti yangu akachomoka, kamba ikapita kiganjani ikanichuna mpaka leo kikombe nashika kwa kushoto. Nataka kubadilisha. Kuna wanaosema ngozi, wengine mnyororo maana huyu kutafuna kamba ndo kazi yake. Nichukue ipi?

nyayo_nne
Pole sana mkuu. Nailoni imara kweli ila ikiteleza inaunguza, nawe ulikuwa na nyembamba ndo kabisaa. Chukua ngozi. Mpya inakuwa kavu kama ubao, usikate tamaa, ukiishika kila siku wiki chache tu inalainika na inakaa mkononi vizuri, hata mbwa akivuta ghafla huumii sana. Kwa kilo 25 upana sentimita 2, urefu mita 1.8 au 2 basi. Ila inataka matunzo, ikilowa usiianike juani, iache kivulini ikauke yenyewe kisha upake mafuta ya ngozi, la sivyo itapasuka. Na kabla hujalipa kagua ile klipu ya kufungia kwenye kola, watu wanakagua kamba wanasahau klipu halafu hiyo ndo inaachia barabarani.

mama_bobi
Mnyororo hapana jamani, labda kama unamfunga mlinzi, na hata huko sipendi. Ule uzito unaning'inia shingoni muda wote, sasa mbwa atajuaje saa ngapi umemvuta kumwambia kitu na saa ngapi ni chuma tu kinamlemea? Halafu ukitaka kuufupisha haraka unaushika wapi, vidole vinabanwa. Kutafuna ni kitu kingine, kwa miezi 7 meno ya ukubwani yameshaota, huyo anacheza na wewe. Akiikamata usivutane naye, ukivuta tu mchezo umenoga. Simama kama mti, akiachia msifie muendelee. Wangu alikuwa hivyohivyo nikamtembeza na mdoli wake mdomoni, sasa atafuna kamba na mdomo upi 😂

mkia_juu
Haha mdoli nitajaribu leoleo. Na zile za kujivuta zenye kibox cha kushikia vipi? Jirani anayo naona kama rahisi.

nyayo_nne
Kwa mafunzo achana nazo. Ile ina springi inayovuta kila wakati, kwahiyo mbwa anajifunza kwamba akivuta ndo anapata nafasi zaidi, yaani kinyume kabisa na unachomfundisha. Na kile kikamba chembamba kikikuzunguka mguuni utakumbuka hiyo nailoni yako kwa upendo.

tope_kila_siku
Naona hakuna aliyetaja baiothani. Ni utepe wa poliesta uliofunikwa plastiki, haunywi maji, haunuki, ukichafuka unapitisha kitambaa imeisha. Sisi tunaotembea kwenye matope ngozi tumeshaisamehe. Hasa ile kamba ndefu ya mita 10 ya kumfundishia kuja ukimwita, ya pamba ni laini sana mkononi ila ikiburuzwa kwenye majani yenye umande inakuwa nzito kama nguo ya kufua. Ila hiyo ndefu ifunge kwenye hanesi, ile mikanda ya kifuani, usifunge kwenye kola, akikimbia mita 10 akafika mwisho shingo ndo inapokea yote. Na usiizungushe mkononi hata kidogo.

mama_bobi
Hapo kwa kutoizungusha mkononi naunga mkono mara mia, kuna mtu namjua alivunjika kidole.

mkia_juu
Nimewaelewa, ngozi ya sentimita 2 kwa kutembea, ndefu ya baiothani nitanunua akishaacha kunivuta. Kiganja kwanza kipone.