Modeli ya daraja la tao la zege: hizi momenti zinatoka wapi?

Tao60: Wakuu, habari za kazi. Nina daraja la tao la zege lenye nondo: mita 60 mguu hadi mguu, kimo mita 12, unene wa tao mita 1.2, miguu imekazwa kwenye msingi. Nimelichora kwenye programu ya hesabu kwa umbo la parabola kwa elementi za mhimili (vipande vya mstari vinavyowakilisha tao). Nikiweka mzigo sare wa kN (kilonewtoni) 120 kwa mita, nategemea mgandamizo mtupu, lakini programu inanipa momenti (nguvu ya kupinda) ya karibu kNm 340 miguuni na 170 kileleni. Nilipoligawa tao vipande 10 ilikuwa mbaya zaidi. Kwa vipande 40 namba zimetulia ila haziondoki. Bosi anataka nihamie elementi za ujazo (vipande vya pande tatu). Ni lazima?

Nondo16: Usihame bado, mkuu. Kwa mkono msukumo wa mlalo, yaani nguvu ya tao kusukuma miguu yake nje, ni wL²/8f (w mzigo, L urefu, f kimo): 120 × 3600 ÷ 96 = kN 4500. Wewe umepata ngapi?

Tao60: 4458.

Nondo16: Basi modeli yako ni nzima. Zege likigandamizwa linafupika, kilele kinashuka, msukumo unapungua kwa kN 42. Zidisha 42 kwa mita 8, theluthi mbili za kimo: 336 miguuni. Zidisha kwa mita 4: 168 kileleni. Namba zako hizo hapo. Vile vipande 10 vilikuwa vya mita 6 kila kimoja, vimenyooka, na mzigo juu yake unazaa momenti ambazo tao lililopinda halina. Elementi za ujazo ziweke pale nguzo inapokaa juu ya tao, basi.

Mama_Saiti: Nondo16 kasema kweli, ila hapo mmepiga hesabu ya siku ya kwanza tu. Zege linaendelea kujifinya chini ya mzigo wa kudumu, na linasinyaa pia. Mhandisi Mfaransa Freyssinet aliyaona hayo kwa macho yake kule Le Veurdre, Ufaransa, mwaka 1911: daraja limeshakwisha, matao yakaendelea kushuka. Ikabidi ayainue kwa jeki kileleni na kujaza zege kwenye bawaba (viungo vinavyoruhusu tao kujikunja). Kanuni za wakati ule zilichukulia ugumu wa zege haubadiliki. Kwa hiyo mdogo wangu, endesha modeli kwa hatua za ujenzi: tao likiwa kwenye kiunzi (kishikizo cha muda), kiunzi kikitolewa, nguzo, barabara, kisha miaka kadhaa mbele.

Tao60: Asante sana dada. Na mzigo wa magari nijaze daraja zima?

Mama_Saiti: Jaza nusu ya upande mmoja pia. Tao halipendi kulemewa upande: robo ya daraja iliyobeba inashuka, ya pili inapanda. Mara nyingi hapo ndipo nondo zinaamuliwa. Halafu hiyo miguu "imekazwa" kwenye nini? Ripoti ya udongo unayo?

Tao60: Upande mmoja mwamba, wa pili mwamba uliooza.

Mama_Saiti: Weka springi, badala ya miguu iliyokazwa, pande zote mbili kuwakilisha ardhi, kila moja na ugumu wake, uendeshe kwa thamani ya chini na ya juu. Mguu wa upande laini ukisogea sentimita moja tu, hizo 336 zitaonekana ndogo. Tuwekee matokeo hapa kabla hujampelekea bosi.