Kufunga upya nyaya za Datsun 240Z ya mwaka 1972 nyumbani: nianzie wapi?

Mkazi wa Mikindani

Habari zenu, ndugu zangu. Ninaishi Mikindani, nyumba yetu inatazama ghuba, na tangu mwaka jana ninamiliki Datsun 240Z ya mwaka 1972, yenye injini ya silinda sita ya lita 2.4 na kabureta mbili. Gari hili lilikaa uani chini ya turubai kwa miaka mingi kabla sijalinunua. Marehemu baba alitulea kwa habari za 240Z zilizoshinda Safari Rally mwaka 1971 na tena mwaka 1973, ile ya pili ikiwa mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na nilipolikuta hili linauzwa sikuweza kulipita. Ndiyo maana nataka kazi yake niifanye kwa mikono yangu, na niifanye vizuri.

Injini, breki na rejeta nimeshazimaliza. Kilichobaki ni umeme, na hapo ndipo ninapoogopa. Taa kubwa zinawaka hafifu hata injini ikizunguka kwa kasi. Swichi ya taa iliyo kwenye shina la usukani inapata joto la kuunguza kidole baada ya dakika kumi. Kwenye kisanduku cha fyuzi, plastiki inayoshika fyuzi ya taa ndogo imeyeyuka, ingawa fyuzi yenyewe haijakatika. Mbaya zaidi, mafundi waliopita wameingiza nyaya za kufungia nyumba, zile zenye shaba moja nene, wakazisokota na kuzizungushia solotepu. Nimehesabu viungo kumi na saba vya namna hiyo upande wa injini peke yake.

Nia yangu ni kuongeza taa za H4 za wati 60 kwa 55, feni ya umeme ya rejeta, mfumo wa kielektroniki wa kuwasha plagi badala ya platinamu, na alteneta yenye nguvu zaidi. Je, ning'oe nyaya zote nisuke mpya, au nitengeneze zilizopo kipande kwa kipande? Na nitumie waya wa unene gani? Hapa mjini Mtwara nimeshauriwa mara mbili niweke fyuzi kubwa zaidi. Moyo wangu umekataa, lakini sikuwa na maelezo ya kumjibu aliyenishauri.

Fundi wa Chuno

Ndugu wa Mikindani, moyo wako umekuambia kweli. Fyuzi haikuwekwa kulinda taa wala feni. Imewekwa kulinda waya. Waya unaostahimili ampia 15 ukiuwekea fyuzi ya ampia 30, siku utakapogusa bodi waya wenyewe ndio utakaokuwa fyuzi, nao utakatika kwa moto. Ile plastiki iliyoyeyuka huku fyuzi ikiwa nzima ina sababu nyingine: vishikio vimelegea na kushika kutu, umeme unapita kwa shida mahali padogo, na shida hiyo inageuka kuwa joto. Ukiongeza ukubwa wa fyuzi hapo, joto litabaki palepale.

Kabla ya kung'oa chochote, pima. Washa injini na taa kubwa, weka mita kwenye volti 20 za umeme wa betri, soma volti kwenye vichwa vya betri, kisha soma nyuma ya balbu, kati ya pini zake mbili, balbu ikiwa imechomekwa na inawaka. Halafu gusisha ncha moja ya mita kwenye kichwa chanya cha betri na nyingine kwenye pini inayoleta umeme kwenye balbu. Hapo unasoma kilichopotea wakati wa kwenda. Rudia kati ya pini ya kurudisha na kichwa hasi, nawe utapata kilichopotea wakati wa kurudi. Watu huidharau volti moja au mbili, lakini mwanga wa balbu ya halojeni hupungua kwa kasi kuliko volti zenyewe: balbu ikipungukiwa sehemu moja ya sita ya volti zake, hubakiwa na nusu hivi ya mwanga wake.

Sasa, 240Z ina mambo mawili ambayo lazima uyajue. La kwanza, kiwandani haikuwekewa rilei za taa kubwa, yaani swichi zinazoamrishwa kwa umeme mdogo ili zipitishe mkubwa, kwa hiyo umeme wote wa taa unapita kwenye ile swichi ndogo ya usukani. Taa mbili za wati 60 kwa volti 12 zinavuta ampia 10, na swichi yenye miaka zaidi ya hamsini haiwezi kuzibeba bila kulalamika. Ukifunga rilei, swichi itabaki kuamrisha tu, ikipitisha sehemu ndogo ya ampia moja, na mzigo utatoka betri kwenda taa kwa njia fupi. La pili ndilo linalowakwamisha wengi: swichi ya kubadilisha taa ndefu na fupi katika gari hili hukata upande wa ethi, yaani wa kurudi kwenye bodi na kichwa hasi cha betri, si upande wa chanya. Waya wa pamoja wa balbu ndio unaoleta umeme, na zile nyaya mbili nyingine zinarudi kwenye swichi. Ukinunua seti ya rilei iliyotengenezewa magari mengine na kuichomeka hivihivi, haitakutii. Koili ya kila rilei, yaani pini 85 na 86, ipate chanya kutoka ule waya wa pamoja, kisha irudi kwa waya wa taa ndefu au fupi. Pini 30 iende betri kupitia fyuzi, 87 iende kwenye balbu, na pini ya pamoja ya balbu ifungwe moja kwa moja kwenye ethi safi.

Kuhusu unene, waya wa shaba wa milimita ya mraba 1, wenye urefu wa mita 4 na unaobeba ampia 10, unapoteza volti 0.7 hivi, wa milimita za mraba 2.5 unapoteza chini ya volti 0.3. Kwa taa chukua huo wa 2.5, wa nyuzi nyingi laini. Nyaya za nyumba zitoe zote bila huruma, kwa sababu shaba nzima moja haivumilii mtikisiko wa gari. Hukatikia ndani huku nje ukiona mzima.

Mzee wa Mtanda, Lindi

Nakubaliana na fundi kuhusu kupima na kuhusu rilei. Ninapotofautiana naye ni kwamba amezungumza kana kwamba nyaya za zamani zinaweza kuaminiwa mara mzigo ukipunguzwa. Sisi tunaishi pwani, na chumvi ya upepo wa bahari huingia kwenye ncha ya waya na kutambaa ndani ya ganda lake pasipoonekana. Chukua waya mmoja wa mbele, kata, menya ganda kidogo. Shaba ikiwa nyeusi au ya kijani, endelea kumenya. Ikiwa umefika shubiri nzima na bado ni nyeusi, waya huo umekwisha: risasi ya kulehemu haitashika, na kichwa cha waya ukikibana kitabana kutu tu.

Nina sababu ya kusema kwa uzito. Gari langu si Datsun, lakini umri wake ni huohuo. Fundi mmoja alinifungia feni ya umeme kwa kuvuta waya moja kwa moja kutoka betri, bila fyuzi, akaupitisha kwenye tundu la bati bila mpira wa kuukinga. Ulifanya kazi vizuri kwa miezi minne. Siku ya tano tangu masika yaanze, nikitokea Mingoyo kurudi Lindi mjini, ukingo wa bati ulikuwa umeshakula ganda, waya ukapiga shoti, na moshi ukajaa ndani kabla sijasimama. Nilifungua boneti nikaona moto, lakini sikuweza kuutenga umeme kwa sababu kichwa cha betri kilikuwa kimekazwa na spana nilikuwa nimeiacha nyumbani. Wapita njia walinisaidia kwa mchanga. Gari lilipona, lakini nyaya zote za mbele ziliteketea, na tangu siku hiyo hakuna waya unaotoka betri yangu bila fyuzi iliyo ndani ya shubiri moja, na nimefunga swichi ya kukata betri ninayoweza kuifikia kwa mkono mmoja. Nakuomba, ndugu yangu, uifunge hiyo kabla ya kitu kingine chochote, na mtungi wa kuzimia moto uwe ndani ya gari.

Ukiamua kusuka mpya, usiling'oe fungu lote la nyaya ukabaki na gari lisilo na ramani. Toa fungu moja, lilaze juu ya ubao, lishikilie kwa misumari lifuate umbo lake, weka alama kila ncha, piga picha, kisha suka jipya pembeni yake kwa rangi zilezile. Rangi zikibadilika, utakayemwachia gari atakulaani. Viungo vyako vibanwe kwa koleo halisi la kubania vichwa vya waya, si kwa meno ya plaisi, na uvifunike kwa mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Risasi hukakamaza waya, na pale ukakamavu unapoishia ndipo mtikisiko unapoukatia.

Mkazi wa Mikindani

Shikamoo mzee wangu, na asante sana fundi. Nimefanya kama mlivyonielekeza. Betri inasoma volti 13.9 injini ikizunguka, lakini kwenye balbu zinafika 11.6 tu. Volti 1.4 zinapotea wakati wa kwenda na 0.9 wakati wa kurudi. Nimemenya nyaya pia: mbele karibu na taa shaba ni nyeusi kupita shubiri, lakini zile za ndani chini ya dashibodi zinang'aa kama zilitoka kiwandani jana. Nimeamua kusuka upya fungu lote la mbele na kuliacha la ndani, nikibadilisha tu kisanduku cha fyuzi.

Nimepata mashaka mapya, hata hivyo. Nilichomoa mita ya mizunguko ya injini ili nisafishe pini zake, na gari likakataa kabisa kuwaka hadi nilipoirudisha. Je, kuna mtu aliyeunganisha vibaya? Na je, ile mita ya ampia kwenye dashibodi itaweza kubeba alteneta mpya?

Fundi wa Chuno

Waalimu wako ni hizo namba, nawe umezisoma vizuri. Hakuna aliyekosea kwenye mita ya mizunguko. Ya 240Z husoma umeme unaokwenda kwenye koili ya plagi kwa kuupitisha ndani yake, kwa hiyo ukiichomoa umekata njia ya koili. Utakapofunga mfumo wa kielektroniki, iache njia hiyo kama ilivyo, na usiondoe kipingamizi cha koili kabla hujahakikisha kwamba koili yako mpya haikihitaji. Ukikitoa ovyo, mita inaweza kuanza kutoa namba za uongo, au koili ikaungua.

Mita ya ampia ni jambo zito zaidi. Chaji ya gari na umeme wote wa ndani hupitia nyuma ya dashibodi kwa ajili yake, kwenye vichwa viwili vya skrubu ambavyo vikilegea hupata joto kali. Alteneta ya 280ZX, ambayo wengi huitumia kwa sababu inaingia bila taabu na katauti yake, yaani kidhibiti cha chaji, iko ndani, hutoa ampia 60 hivi, kuzidi ile ya zamani. Vuta waya mpya wa milimita za mraba 10 kutoka alteneta hadi betri, wenye fyuzi yake, ili chaji isipite dashibodi, na mahali pa mita ya ampia uweke mita ya volti. Katauti ya nje utaiondoa na kuunganisha nyaya zake mbili mbili kwenye soketi yake. Usisahau kuweka dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye waya mdogo wa kuamshia alteneta. Bila hiyo utazima ufunguo na injini itaendelea kuzunguka, kwa sababu alteneta itakuwa inairudishia koili umeme.

Mkazi wa Mikindani

Nimerudi baada ya majuma matatu ya jioni. Swichi ya kukata betri ndiyo niliyoifunga kwanza, mzee, iko chini ya kiti cha dereva. Fungu la mbele ni jipya, na ethi nne nimezikwangua hadi bati likang'aa, nikazikaza na kuzipaka grisi. Balbu sasa zinapata volti 13.4, na swichi ya usukani naishika baada ya nusu saa ikiwa baridi. Juzi usiku nilikwenda hadi Mtwara mjini na kurudi, na kwa mara ya kwanza niliziona alama za barabarani kabla ya kuzifikia.

Feni bado sijaifunga. Inavuta karibu ampia 20, na alteneta ya zamani ikiwa kwenye mizunguko ya chini haiwezi kuilisha pamoja na taa. Alteneta mpya imeshapakiwa kwenye basi kutoka Dar es Salaam.

Mzee wa Mtanda, Lindi

Marahaba, mwanangu, kazi nzuri. Mwezi ukiisha, zikaze tena zile ethi nne, kwa maana bati lililokwanguliwa upya hutulia na boliti hulegea kidogo. Na tundu utakalopitishia waya wa feni, liwekee mpira kabla hujapitisha waya.