Walimu wa IELTS (ule mtihani wa Kiingereza) mnaouza "siri" ya kuandika insha nzima kwa herufi kubwa, mnatuibia

Wakuu, nina hasira na nitaandika hivyo hivyo.

Mdogo wangu ni nesi. Baraza la wauguzi la Uingereza linataka alama 7 za mtihani huo kwenye kusoma, kusikiliza na kuongea, na 6.5 kwenye kuandika. Hayo matatu kapita. Kuandika kapata 5.5. Karudi kwa mwalimu wake wa tuisheni, aliyemlipa karibu mshahara mzima, jibu alilopewa: "Caps Lock uliwasha lakini?"

Caps Lock, kitufe cha herufi kubwa tupu! ETI DARASA ZIMA LINAFUNDISHWA KUANDIKA HIVI ili wasikosee herufi kubwa.

Kwenye kusikiliza na kusoma sina ugomvi, pale unajaza neno moja moja na herufi kubwa tupu zinaruhusiwa. Wala sisemi kwamba kwenye insha utafukuzwa. Ninachokataa ni kuiuza kama dawa. Insha inapimwa kwa vigezo vinne: umejibu swali, mawazo yanafuatana, msamiati, sarufi. Herufi kubwa ni kipande kidogo tu cha hiyo sarufi, pamoja na nukta na mkato.

Nimeshika karatasi yake ya mazoezi, swali la pili, lile la maneno 250 lenye uzito mara mbili ya la kwanza. Sentensi ya kwanza ina mistari saba, mikato mitupu, nukta hakuna. Kwa herufi za kawaida kosa hilo lingekurukia machoni. Hapa limejificha, na mwalimu kapiga vema jekundu, kaandika "Good work". Kazi nzuri ipi?

Na watu wetu herufi kubwa wanazijua! Tanzania, Kiswahili, Jumatatu, Machi, Mtanzania, zote tunaziandika hivyo tangu shule ya msingi, na Kiingereza nacho kinataka hivyo hivyo. Kigeni ni ile "I" ya mimi, inayobaki kubwa hata katikati ya sentensi. Somo la nusu saa hilo. Kinachowaponza wengi ni simu, imezoea kuwarekebishia kila kitu, halafu wanafika kwenye kompyuta ya mtihani hakuna wa kuwarekebishia. Zima hayo masahihisho ya simu, mtu aandike kila siku, mwalimu apitie mstari kwa mstari. Ila kazi hiyo inachosha, na darasa limejazwa mpaka mlangoni, atapitia za nani? Kuwaambia wabonyeze kitufe ni rahisi zaidi (na ada ni ile ile).

Sasa mdogo wangu analipia mtihani upya, kutoka mfukoni.

Mwalimu, najua unapita humu. Anataka hela yake ya tuisheni. Ukiendelea kutopokea simu, hiyo karatasi yenye vema lako naipiga picha naiweka hapa kesho, watu waihesabu wenyewe hiyo mistari saba.